Mcheza Asiye Kwao Atuzwe na Nani?

Mwaka mmoja nilialikwa kwenye sherehe ya Siku ya Wakimbizi Duniani, ile ya kila tarehe 20 Juni, katika uwanja ambao sitautaja. Hotuba zilianza saa nne asubuhi zikaendelea hadi saa saba na ushei. Kando ya jukwaa, kwenye benchi zisizo na kivuli, walikaa waimbaji wakimbizi wapatao ishirini, kina mama na vijana, wamevishwa fulana nyeupe zenye jina la mfadhili mgongoni. Walipoitwa, mgeni wa heshima alikuwa ameshaanza kutupia jicho saa yake. Mama aliyeanzisha wimbo alikuwa na sauti nzito ya kifuani, ile inayojaza mahali bila kipaza sauti. Alipiga makofi matatu, akatoa ubeti wa kwanza, wenzake wakaupokea, naye akavuta pumzi ya ubeti wa pili. Hapo mshereheshaji akakamata kipaza sauti, akawashukuru sana kwa burudani, na muziki wa spika ukafunguliwa. Waimbaji wakashuka. Kila mmoja akapewa soda na nusu mkate.

Sikuelewa neno hata moja la wimbo ule. Lakini pumzi ile ambayo mama aliivuta akaimeza bila kuitumia nimeikumbuka kuliko hotuba zote za siku hiyo.

Waswahili husema mcheza kwao hutuzwa. Aliyewahi kukaa kwenye harusi ya Mombasa au Lamu anajua methali hii inatoka wapi. Mwimbaji akigusa moyo wa mtu, mtu huyo huinuka, huenda mbele akijipunga, humtia noti mkononi, wakati mwingine humgeukia mbaya wake aliyekaa pale ili ajue ule ubeti ni wake. Kwetu Ukambani ngoma ikinoga noti hubandikwa kwenye paji la uso la mwimbaji na jasho ndilo gundi. Tuzo ni namna ya kusema: nimekusikia, na ulichosema kinanihusu. Ila methali ina sharti lake limejificha katikati. Ni lazima uwe kwako. Asiye kwao hupewa soda.

Nimeikumbuka tena habari hii baada ya kusoma juu ya kazi zinazofanywa Ulaya na watu wa opera pamoja na wakimbizi. Ujerumani, mwaka 2014, mwimbaji Cornelia Lanz na wenzake walipandisha jukwaani opera ya Mozart, Così fan tutte, wakiimba bega kwa bega na watu waliokimbia vita vya Syria. Uingereza nako nyumba za opera zimekuwa zikiwaingiza waomba hifadhi katika kwaya na maonyesho yao. Nikajiuliza swali ambalo huenda msomaji wa Nairobi ataliona la kichekesho: je, kitu kama hicho kingewezekana katika mji wetu wa Mutomo?

Ukilitaja neno opera sokoni kwetu, mtu hupata picha ya Mzungu mnene anayelia kwa Kiitaliano huku amevaa pembe. Vua hilo vazi kwanza. Opera ni kisa kinachoimbwa: kuna wahusika wanaojibizana kwa wimbo, kuna wapiga ala, na kuna kikosi cha waitikiaji kinachosimama kama kijiji kizima. Opera ya jamii ni ile ambayo kikosi hicho ni kijiji kweli. Wataalamu huwa wachache, wa kushika usukani. Walio wengi ni wanafunzi, wauza mboga, mafundi, wazee wa kanisa.

Mfano ninaoupenda ni wa mwaka 1958. Mtunzi Mwingereza Benjamin Britten alitunga Noye's Fludde, kisa cha Nuhu na gharika, kikaonyeshwa katika kanisa la Orford, mashariki ya Uingereza, na watoto ndio waliokuwa wanyama wa safina. Waliokuja kutazama nao walitakiwa kusimama na kuimba tenzi pamoja na waigizaji. Ilipofika mvua, Britten hakutafuta chombo cha bei. Alitundika vikombe vya kunywea chai kwenye kamba, vikagongwa kwa kijiko cha mbao, na matone ya kwanza yakasikika yakidondoka kanisani. Mtu wa Mutomo akisikia hivyo hawezi kucheka. Sisi tone la kwanza la mvua tunalijua kwa sauti yake juu ya bati, na kuna miaka ambayo tunalisubiri mpaka tunaanza kulisikia hata lisipokuwepo.

Hapa Kenya opera si ngeni kabisa. Mwimbaji wa soprano Rhoda Ondeng' Wilhelmsen ameipigania kwa miaka mingi kupitia taasisi yake ya Baraka Opera, na moja ya kazi walizoonyesha, Nyanga: Runaway Grandmother, inatangaza mambo ya kukimbia tangu kwenye jina. Lakini hiyo ni kazi ya jukwaa la Nairobi. Mimi nawaza uwanja wa shule, au ukumbi wa parokia, au kivuli cha mbuyu.

Asiyeijua Mutomo aelewe kwamba ni mji mdogo wa Kitui Kusini, wenye hospitali ya misheni ambayo watu hutoka mbali kuifuata, na vumbi jekundu, na ndengu zikianikwa kando ya njia msimu ukiwa mzuri. Kilima chetu kina hifadhi ya mimea. Neno hilo hunifanya nitabasamu, maana kwa Kiswahili mti uliozungushiwa ulinzi na mtu aliyekimbia risasi wote wamewekwa chini ya neno moja, hifadhi, na mara nyingi mti huupata kwa urahisi zaidi. Barabara ya Kibwezi hadi Kitui, inayokata mji wetu, sasa ina lami. Lori linalotoka bandari ya Mombasa laweza kupinda Kibwezi, likapita mbele ya maduka yetu, likaenda Kitui, likatokea Mwingi na kushika njia ya Garissa, bila kuiona Nairobi. Mbele ya Garissa ni Dadaab, kwenye kambi za wakimbizi.

Mutomo yenyewe haina kambi ya wakimbizi. Dadaab, iliyoanza mwaka 1991 kwa Ifo, kisha Dagahaley na Hagadera, ilipangiwa watu 90,000. Mwaka 2011, wakati wa ukame na vita Somalia, ilikuwa imepita 400,000. Kakuma, kule Turkana, ilianza 1992 kwa vijana waliotembea kutoka Sudan. Watu wa Dadaab ni majirani wa barabara yetu, lakini tunawajua kama shehena ya habari: takwimu na picha ya mtoto mwenye nzi usoni.

Tena niseme ukweli wa nyumbani. Ukitaja Msomali katika Kitui Kusini, mtu wa kwanza kumwazia si mkimbizi wa Dadaab. Ni mfugaji mwenye ngamia. Upande wa Mutha na kule mpakani na Tana River, ugomvi wa malisho na mashamba umeua watu na kuhamisha familia kutoka nyumba zao. Kuna Wakamba waliolala kwenye madarasa ya shule wakiogopa kurudi shambani. Kwa hiyo mtu akija Mutomo na karatasi ya mradi wa amani kwa njia ya opera, akitarajia tumkaribishe Msomali kwa vigelegele, atajibiwa kwa heshima, atapewa chai, na akiondoka watu watarudi kwenye mazungumzo yao. Opera yoyote itakayokwepa ngamia itakuwa uongo, na watu wa hapa hunusa uongo wa jukwaani haraka sana.

Wana mazoezi ya kuunusa. Kwenda kuona kikundi cha mwethya, yaani cha kusaidiana kazi, kikijenga bwawa la mchanga ni shule tosha ya opera. Kina mama hujipanga mstari kutoka kwenye lundo la mawe hadi ukutani mwa mto mkavu. Karai hupita mkono kwa mkono, na wimbo ndio unaoamua mwendo wake. Kuna mmoja asiyebeba kitu ambaye hakuna anayemlaumu: huyo ndiye ngui, mwanzishaji. Hutembea kando ya mstari akitia ndani ya wimbo kila anachokiona. Aliyechelewa kuamka hutajwa. Aliyeahidi saruji akala pesa hutajwa, bila jina lakini kwa alama zote, na hata mtoto aliyefungwa mgongoni hujua ni nani. Wenzake huitikia maneno yale yale, karai ikipita, na mwenye kutajwa hana budi kuitikia pia au aonekane ndiye. Wataalamu wa opera wana jina refu kwa sehemu hiyo ya maneno yanayoimbwa kana kwamba yanasemwa. Kwetu ni kazi ya asubuhi.

Ongeza kilumi, ngoma ya kina mama wazee, ngoma ya mvua na ya mizimu, ambayo ngozi yake haina budi kuoteshwa joto kabla haijakubali kusema. Ongeza na kwaya. Hakuna kanisa Ukambani lisilo na mtu anayeandika d, r, m kwenye ubao na kugawa sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na besi. Mimi mwenyewe niliimba besi miaka minne, na mwalimu wetu wa kwaya hakuwahi kunificha kwamba ninapotea. Ninachotaka kusema ni kwamba Mutomo haihitaji kufundishwa kusimama pamoja na kuimba kisa.

Wala Msomali hahitaji. Jambo hili ndilo linalosahauliwa hata na wenye nia njema. Kabla nchi yao haijavunjika mwaka 1991, Wasomali walikuwa na riwaayad, tamthilia za maneno ya kishairi na nyimbo, ambazo watu wa Mogadishu na Hargeysa walizihifadhi kichwani kama tunavyohifadhi nyimbo za benga. Shabeelnaagood ya Hassan Sheikh Mumin, ya mwaka 1968, ni moja ya zile zilizovuma. Kikundi cha Waaberi kilikuwa fahari ya taifa. Vita vilipofika, mwimbaji wao Maryam Mursal alitoka na watoto wake, akasafiri miezi mingi katika Pembe ya Afrika kabla ya kupata hifadhi Denmark. Na chini ya maonyesho hayo ya jukwaani kuna kitu cha zamani zaidi, buraanbur, ushairi wa wanawake unaoimbwa kwa makofi na ngoma kwenye harusi, na humo mwanamke husema yale ambayo mkutanoni hangepewa nafasi ya kuyasema.

Mweke mtunzi wa buraanbur mkabala na ngui wa mwethya. Huna haja ya Mozart. Sina ugomvi naye, na waliofanya kazi ile Ujerumani walifanya jambo la utu. Lakini kumpa mtu aliyefika jana nafasi katika kisa cha mapenzi ya mabwana wa Napoli ni sawa na kumkaribisha mgeni kwenye nyumba na kumwonyesha kiti. Ameketi, ndiyo. Bado hajaulizwa kwao hula nini.

Sasa tufike kwenye kisa chenyewe, maana opera bila kisa ni kwaya ya harambee. Wengi wanaofanya kazi hizi humwendea mkimbizi na kumwomba asimulie yaliyompata, kisha wayageuze wimbo. Hapo naona kosa. Mkimbizi ameshahojiwa vya kutosha. Alihojiwa mpakani, akahojiwa akisajiliwa, akahojiwa alipoomba hadhi ya ukimbizi, akahojiwa tena na wanaochagua wa kupelekwa Amerika, na kila mara alijua kwamba tarehe ikipishana na aliyoitaja mwanzo atahesabiwa mwongo. Kumpandisha jukwaani asimulie tena, safari hii kwa sauti ya tatu, ni mahojiano mengine yenye taa kali zaidi. Kisa cha kale humfaa mtu kuliko hicho. Ndani yake anaweza kulia kilio chake mwenyewe huku wote wakidhani analia cha mwingine.

Na kisa cha kale kipo. Wasomaji wa Tanzania huenda wanakijua kuliko sisi. Katika miaka ya 1830, njaa iliwapiga Wazigua wa nyuma ya pwani ya Tanga. Simulizi zao husema wafanyabiashara walifika wakiahidi kazi na chakula ng'ambo. Watu wakapanda majahazi. Wakashuka pwani ya Benadir wakiwa watumwa. Baadaye kundi moja lilitoroka kuelekea bonde la mto Juba, na aliyeliongoza alikuwa mwanamke, mwenye kuona yajayo, jina lake Wanankhucha. Inasimuliwa kwamba walipofika ndani ya msitu wa Juba ardhi ilitetemeka, naye akaisoma hiyo kuwa ishara: hapa ndipo. Wakakaa. Wakalima. Wakaitwa Wagosha, watu wa msitu. Kizazi baada ya kizazi wakaendelea kusema Kizigua katikati ya Wasomali, mpaka 1991, vita vilipowaondoa na huko pia, nao wakaangukia Dadaab.

Hakuna aliyejua pa kuwapeleka. Tanzania ilifikiriwa, Msumbiji ikafikiriwa. Mwishowe Marekani ikakubali kuwachukua wapatao 12,000 miongoni mwa wale walioitwa Wabantu wa Somalia, na mwaka 2002 wakaanza kuhamishwa kwa mabasi kutoka Dadaab hadi Kakuma, mwendo wa kukata Kenya nzima, ndipo wapande ndege. Wengine walikuwa wamejitafutia njia wenyewe. Walivuka hadi Tanzania, wakapewa makazi Chogo, wilayani Handeni, katika ardhi ya babu zao, na baadhi yao wakapata uraia. Zaidi ya miaka 160 baada ya majahazi, watu walirudi Uzigua wakisema lugha ambayo mwenyeji aliielewa.

Nionyeshe mtunzi wa opera asiyetamani kisa hicho.

Kinachonivuta zaidi ni kwamba Mutomo inacho cha kujibu. Wakamba huzipa njaa majina, kama watu wengine wanavyowapa majina watoto. Ile ya mwisho wa karne ya 19, iliyokuja pamoja na ndui reli ilipokuwa ikipasua nyika, inaitwa Ngomanisye, iliyoenea kila mahali. Wazee wetu wakawa wakimbizi wa tumbo. Walivuka kwenda Ugikuyu na Embu kutafuta chakula, wengine wakiacha watoto kwa watu kama rehani ya nafaka, na si kila mtoto aliyekombolewa. Ya miaka ya 1980 inaitwa Nikwa Ngwete, yaani nafa nimeshika: pesa mkononi, dukani hakuna unga. Nasi pia tuna mwanamke aliyeona yajayo, Syokimau, ambaye Mkamba yeyote atakuambia aliiona reli kama joka refu kabla haijapigwa msumari.

Basi tufanye hivi. Syokimau upande huu wa jukwaa, Wanankhucha upande ule. Katikati mto mkavu. Kikosi cha wenyeji kinaanza kwa Ngomanisye, kwa Kikamba, kikiungama kwamba na sisi tuliwahi kubisha hodi kwa watu. Hilo ni muhimu kwangu kuliko mengine yote: mwenyeji atangulie kutoa aibu yake, ndipo mgeni aombwe wimbo. Kikosi cha wageni kinaingia na majahazi. Kizigua, Kisomali, Kikamba, na Kiswahili kama kivuko, kwa sababu ndicho ambacho wote wamejifunza ukubwani au shuleni na hakuna atakayemcheka mwenzake. Na katika tendo la pili, ngamia. Aingie, ale mahindi ya mtu, na mwenye mahindi na mwenye ngamia waimbe wanayotupiana kila siku, wazi, mbele ya machifu. Sijui wimbo huo utaishaje. Ndiyo maana ya kufanya mazoezi pamoja.

Mazoezi ndiyo opera yenyewe, anayeyajua mambo ya kwaya ananielewa. Onyesho ni usiku mmoja. Mazoezi ni miezi mitatu ya kungojana, ya kujifunza kutamka jina la mtu sawasawa, ya kugundua kwamba yule mwenye ushungi ana sauti ya pili safi kuliko bintiyo, ya kukopeshana nauli. Nani atapika? Nani atashika watoto mama zao wakiimba? Saa ya swala imetengwa? Maswali madogo kama hayo ndiyo yanayoua miradi mikubwa, na majibu yake hayamo kwenye vitabu vya muziki.

Afrika Mashariki imeshafanya kazi ya namna hii, tena ikalipa gharama. Mwaka 1977, wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, walijijengea jukwaa la wazi la kutosha watazamaji 2,000 na kuigiza Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, mchezo uliojaa nyimbo ambazo wazee wa kijiji wenyewe walizisahihisha kwa sababu walikuwepo zilipoimbwa mara ya kwanza. Serikali iliupiga marufuku kabla mwaka haujaisha, na Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini. Mwaka 1982 walirudi na Maitu Njugira, ambayo karibu yote ni nyimbo. Milango ya Jumba la Maonyesho la Taifa ikafungwa mbele yao, na mwezi Machi jukwaa la kijiji likabomolewa. Uganda ilikuwa imetangulia kwa ukatili: Byron Kawadwa, aliyetuachia Oluyimba lwa Wankoko, mchezo wa kuimbwa kwa Kiganda, aliuawa mwaka 1977 chini ya utawala wa Idi Amin baada ya kurudi na kikundi chake kutoka tamasha la Lagos. Robert Serumaga, mtunzi wa Renga Moi, yeye alikimbilia Nairobi.

Ninayetaka tumtazame ni Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Mwaka 1982 alitoroka Kenya akapata hifadhi Zimbabwe, nchi iliyokuwa na uhuru wa miaka miwili tu. Hakuna aliyemwambia asubiri tarehe 20 Juni acheze ngoma ya Kikuyu. Walimpa kazi. Alizunguka vijijini akifanya maigizo ya jamii na Wazimbabwe, akasaidia kuunda chama cha vikundi vya maigizo ya jamii nchini humo, na huko ndiko alikofia kwa ajali ya gari mwaka 2008. Mkenya alikuwa mkimbizi, na mwenyeji akamwachia aanzishe wimbo. Deni hilo liko kwetu, na si Zimbabwe inayotudai.

Kinachozuia ni nini? Pesa, bila shaka, ingawa vikombe vya kutundikwa kwenye kamba tunavyo. Kizuizi kikubwa ni karatasi. Kwa miaka mingi mkimbizi nchini Kenya amezuiwa kutoka nje ya eneo alilopangiwa bila kibali cha kusafiri, na vibali vilitolewa kwa masomo, matibabu na mambo kama hayo. Mtu anayeomba kutoka Hagadera kwenda Kitui Kusini kuimba sauti ya pili angechekwa dirishani. Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, imefungua milango kadhaa ya kazi na huduma, na Mpango wa Shirika, uliozinduliwa Machi 2025, unasema kambi zigeuzwe makazi ambamo wakimbizi na wenyeji wataishi na kutumia huduma pamoja. Jina hilo la Shirika ni zuri. Likitafsiriwa kwa vitendo, basi kwaya moja kuvuka daraja la Garissa na kurudi salama lisiwe jambo la kuandikiwa barua sita.

Ikishindikana wao kuja, sisi hatuna kisingizio. Kitambulisho cha Mkenya kinafika Dadaab. Ngui wa Mutomo na mwalimu mmoja wa kwaya wanaweza kwenda huko, wakakaa wiki mbili, wakajifunza nyimbo tatu na kufundisha tatu, wakarudi nazo kwenye bwawa la mchanga zikaimbwe karai ikipita.

Kwa ofisi ya utamaduni ya kaunti, kwa maparokia na misikiti, kwa walimu wetu wa muziki: kisa kipo, waimbaji wapo pande zote mbili. Na kwa yeyote atakayeandaa sherehe ya tarehe 20 Juni ijayo nina ombi moja. Nyimbo zitangulie, hotuba zifuate, na mama akivuta pumzi ya ubeti wa pili, mtu asiguse kipaza sauti.